Dhima ya Aliye Katikati

Mtu akimkabidhi mwenziwe waraka ili aufikishe kwa mtu wa tatu, na yule mwenziwe, kwa kuwa njia ni ndefu na yeye haendi hadi mwisho wake, akautia mkononi mwa mwingine ambaye mwenye waraka hakupata kumwona wala kulisikia jina lake, dhima ya waraka ule i juu ya nani? Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu walio wengi katika mwambao wetu, walilishughulikia swali la jamaa ya hili katika mlango wa wadia, yaani mali iliyowekwa kwa mtu aihifadhi. Kauli yao, kama isomeshwavyo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, ni kwamba aliyewekewa ni amini: kitu kikiharibika mkononi mwake pasipo yeye kuzembea wala kuuvuka mpaka aliowekewa, halipi kitu, bali akikitoa kwa mtu mwingine bila ya idhini ya mwenyewe na bila ya udhuru, dhamana humpata tangu saa ile, na kauli yenye nguvu ni kwamba hata akimpa kadhi hasalimiki. Hilo la kadhi ndilo linivutalo. Ladhihirisha kwamba wema wa anayepokea si hoja hata kidogo. Hoja ni idhini ya mwenye mali.

Nataka kuijaribu kauli hiyo juu ya jambo ambalo maulamaa wale hawakuliwazia, nalo ni programu iitwayo UUCP, ambayo katika miaka ya 1970 na 1980 iliziwezesha kompyuta za Unix kupigiana simu na kupokezana mafaili na barua. Iliundwa na Mike Lesk katika maabara ya Bell, huko New Jersey, Marekani. Mwaka 1978 yeye na David Nowitz waliandika maelezo yake, na mwaka 1979 ikatoka pamoja na toleo la 7 la Unix, ikaingia katika vyuo vikuu na makampuni ambayo hayakuwa na waya wa kudumu wa kuyaunganisha. Mwaka 1983 Nowitz, Peter Honeyman na Brian Redman waliiandika upya, na kwa kuwa toleo lao lilikuwa na masharti makali zaidi ya usalama kuliko lile la awali, ndilo nitakalolitegemea hapa. Kuiweka programu ya namna hii katika mashine huonekana kuwa kazi ya fundi tu, isiyomhusu mwanachuoni wala mwanafalsafa. Lakini mwenye kuyasoma mafaili yake ya matayarisho kwa utulivu atakuta ndani yake mjadala mzima wa nani aaminiwe, kwa kadiri gani, na kwa ushahidi gani.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mtu akiandika barua, barua haikwenda. Iliwekwa ghalani ndani ya mashine yake mwenyewe, katika saraka ya /usr/spool/uucp, pamoja na hati ndogo isemayo kitu hiki chaelekea wapi. Ilipofika saa iliyopangwa, programu ya uucico iliiamuru modemu ipige simu kwa mashine ya jirani, ikajitambulisha, ikakabidhi ilivyo navyo, ikapokea ilivyowekewa, ikakata simu. Saa hiyo aghalabu ilikuwa ya usiku, maana bei ya simu za masafa ilipungua usiku, na modemu za zama zile zilikwenda kwa biti 300 au 1,200 kwa sekunde. Kwa mwendo wa 1,200 zilipita herufi 120 kila sekunde, hata ukurasa wa herufi 2,000 ukachukua karibu sekunde 17 za simu inayolipiwa. Barua ya kwenda mbali ililala katika ghala la jirani, ikangoja usiku wa jirani, kisha ghala la jirani wa jirani, ikaja ikafika baada ya siku moja, au mbili, au zaidi.

Fundi aliyetaka mashine yake iingie katika udugu huo alianza kwa kutafuta jirani. Hapakuwa na ofisi ya kuandikishwa wala mlango wa jumla wa kubisha. Ilimpasa amwendee mtu mwenye kusimamia mashine nyingine, amwombe ruhusa ya kumpigia simu, wapatane saa, wapeane namba, na yule aliyeombwa amfungulie akaunti na kumpa neno la siri. Yote hayo yaliandikwa katika mstari mmoja wa faili liitwalo Systems: jina la jirani, saa zinazoruhusiwa, aina ya kifaa, mwendo wa modemu, namba ya simu, na mwishowe mazungumzo yenyewe, yaani neno la kungojea kusikia na neno la kujibu, moja baada ya jingine. Katika mazungumzo hayo ilikuwa desturi kuiacha herufi ya kwanza ya neno lingojewalo, ili mashine ingojee "ogin" badala ya neno zima, kwa sababu mashine nyingine ziliianza kwa herufi kubwa na nyingine kwa ndogo, na kwa sababu herufi ya mwanzo ndiyo iliyokuwa rahisi kuchafuliwa na kelele za waya. Mimi huupenda uangalifu huu mdogo. Aliyeubuni alijua kwamba mwanzo wa kukutana huwa na fujo, akaona ni insafu kumsamehe mwenziwe fujo hiyo na kungoja lile linalosikika baada yake.

Katika mstari huohuo neno la siri lilikuwa wazi, halikufumbwa, kwa kuwa mashine ilihitaji kulitamka lenyewe. Kwa hiyo faili la Systems liliwekwa chini ya mtumiaji wa pekee aitwaye uucp, ambaye si mtu wa nyama na damu, na watumiaji wengine wote wakazuiwa kulisoma. Zingatia ni siri ya nani inayohifadhiwa hapo. Si ya mwenye mashine. Ni ya jirani. Fundi akizembea, akaliacha faili lile wazi, nyumba itakayoingiliwa si yake bali ni ya yule aliyemfungulia mlango, na huu ndio uzembe hasa ambao mafakihi walisema kwamba humtoa amini katika amani yake na kumtia katika dhamana.

Twende sasa kwenye faili la Permissions, ambalo kwangu ndilo lenye utajiri mkubwa zaidi. Lilieleza kila jirani ameruhusiwa nini, na jambo la kwanza la kulistaajabia ni hali ilivyokuwa pale ambapo fundi hakuandika lolote. Jirani asiyetajwa hakuweza kuomba faili lolote. Aliweza kuweka vitu katika saraka moja tu ya hadhara, /usr/spool/uucppublic. Na amri aliyoruhusiwa kuitekeleza katika mashine ya mwenziwe ilikuwa, kwa desturi, ile moja ya kupokea barua. Kila kingine kilikuwa haramu mpaka kihalalishwe kwa maandishi. Watu wa usuli watatambua kwamba hapa asili ya mambo imepinduliwa, kwani katika vitu kwa jumla wengi wao huanzia katika uhalali mpaka ije hoja ya kuharimisha. Lakini katika mali ya mtu mwingine asili ni uharamu mpaka ije idhini, na ghala la barua ni mali ya watu wengine.

La pili ni la ndani zaidi. Palikuwa na kipengele kilichoamua kama mashine yangu itayatoa mafaili yaliyowekwa kwa ajili ya jirani pale ambapo jirani ndiye aliyepiga simu. Kwa desturi jibu lilikuwa hapana: nitampa vitu vyake nitakapompigia mimi. Kwa nini? Kwa sababu anayenipigia asema tu kwamba yeye ni fulani, na huenda amelipata neno la siri kwa njia asiyostahili. Lakini ninapopiga mimi, napiga namba niliyopewa na fulani mwenyewe siku ya kupatana. Sauti inayobisha ni dai. Namba ninayoijua ni ushahidi. Na mwenye kutaka ukali kupita huo aliweza kuandika kwamba jirani fulani akipiga, mashine isikilize jina lake, ikate simu, kisha yenyewe impigie. Amini akiitoa amana kwa mtu aliyedai kuwa ni wakili wa mwenyewe, bila ya bayana, hana udhuru mbele ya kadhi; na ni ajabu ya kupendeza kuwaona watu wa New Jersey, waliokuwa wakishindana na gharama za simu na uhuni wa wanafunzi, wakifika katika hukumu hiyohiyo kwa njia yao wenyewe.

Simu ikiisha kupokewa na neno la siri kukubaliwa, mashine iliyopigiwa husema kwamba iko hapa na jina lake ni hili. Iliyopiga hulitaja lake. Wakapatana juu ya utaratibu wa kupelekeana. Utaratibu uliotumika sana ni ule wa Greg Chesson, ambao kwa kawaida uliligawa faili katika vipande vya baiti 64, kila kipande na namba yake na hesabu yake ya kukihakiki, hata kipande kilichoharibiwa na kelele za waya kikaombwa tena. Faili likiisha kupita lote, na mpokeaji akiisha kulitia mahali pake pa kudumu katika diski, hapo ndipo hutuma jibu la herufi mbili, CY, lenye maana ya kwamba nimelipokea na nimelihifadhi. Mtumaji haifuti kazi ile katika ghala lake kabla ya kulisikia jibu hilo. Simu ikikatika kabla yake, kwake ni kana kwamba hapakupelekwa kitu, na ataanza tena usiku mwingine. Ni nadra katika mambo ya wanadamu kuona saa ya kuhama kwa dhima ikibainishwa kwa uwazi kama huu, kwani mahakama ngapi zimekesha zikiulizana bidhaa ilikuwa mkononi mwa nani ilipopotea! Kisha aliyepiga, akiwa hana zaidi, huomba kuaga. Aliyepigiwa, akiwa na vyake vya kutoa, hukataa, na hapo wakabadilishana vyeo, aliyekuwa mtoaji akawa mpokeaji, katika simu ileile ambayo mmoja tu ndiye anayeilipia.

Lakini jibu la CY latoka kwa jirani, wala si kwa yule aliyeandikiwa barua, na tafauti hiyo ndiyo iliyolizaa swali langu. Jirani amekiri kupokea. Kuanzia hapo mtumaji haoni tena. Barua i katika ghala la mtu mwingine, na msimamizi wa mashine ile, mwenye mamlaka yote juu yake, aweza kuisoma, kuichelewesha, kuigeuza au kuitupa, na hakuna faili la Permissions katika mashine yangu liwezalo kumzuia katika mashine yake. Kwa kawaida kazi isiyopelekeka ilifutwa baada ya siku 7 na mwenyewe kuarifiwa, ila hilo nalo hutegemea kwamba mwenye kufuta ni mkweli. Mpaka wa kanuni u hapo hapo. Zaidi ya hapo hubaki kile ambacho watu wa tasawufi hukiita murakaba, yaani mja kujua kwamba anaonekana pale ambapo hakuna kiumbe anayemwona. Maelfu ya wasimamizi, wengi wao wasiokuwa na haja na lugha yetu hii ya dini, walipewa kila usiku nafasi ya kusoma barua za watu wasiowajua. Sidai kwamba hakuna aliyesoma. Nasema tu kwamba mtandao ule haungesimama lau kuacha kusoma hakungekuwa ndiyo desturi yao.

Na idhini je? Hapa UUCP ilikuwa na jambo ambalo mitandao ya baadaye imelipoteza. Mwandishi wa barua hakuandika anwani ya mwisho peke yake. Aliandika majina ya mashine zote za njiani, moja baada ya moja, yakitengwa kwa alama ya mshangao: ihnp4, iliyokuwa ya maabara ya Bell huko Illinois, kisha seismo iliyokuwa Virginia, kisha mcvax ya Amsterdam, na kuendelea hivyo hadi jina la mtu. Ilikuwa taabu, na wengi waliilalamikia. Lakini sharti la mafakihi lilitimia kwa ukamilifu, maana mwenye mali amewataja kwa kalamu yake watu wote anaowapa idhini ya kuishika, na mpangilio wa kuishika. Aliye katikati akimtolea jirani wake, hatoi bila ya idhini, naye hubaki amini.

Baadaye Honeyman na Steven Bellovin walitunga programu ya pathalias, iliyosoma ramani za mtandao na kutafuta njia yenye gharama ndogo, ili mwandishi asilazimike kuikariri. Maadamu yatumika katika mashine ya mwandishi mwenyewe, sioni neno: ni mshauri wake. Fitina ilizuka pale ambapo baadhi ya mashine za katikati zilianza kuzigeuza njia za barua za wengine, zikiona kwamba zajua njia fupi kuliko aliyoiandika mwenye barua. Wenye mashine hizo walijitetea kwamba wanafanya hisani, na pengine njia yao ilikuwa bora kweli. Mimi nawahukumu kwa kauli ile ya kadhi. Mwenye barua huenda ana sababu ya kuikwepa mashine fulani, huenda aijaribu njia, huenda ajua kwamba ramani imechakaa; na hata kama hana sababu yoyote, aliyeigeuza amemtolea amana mtu ambaye mwenyewe hakumtaja, na barua ikipotea huko dhamana ni yake, ubora wa njia hauwi udhuru.

Kuna upande wa pili wa swali hili, nao wamhusu aliye mwisho wa njia: yeye aipokea barua na kutaka kujua imetoka kweli kwa nani. Kila mashine iliyoipitisha iliongeza mstari wa kusema kwamba imeitoa kwa mashine fulani, hata barua ikafika ikiwa na silsila ya majina juu yake. Aliyesoma elimu ya hadithi hana haja ya kuambiwa hii ni nini. Ni isnadi, na ina nguvu zake na udhaifu wake: kila mpokezi humshuhudia aliyemtangulia tu, na mwenye kutaka kuzua habari huweza kuzua pamoja nayo wapokezi wake. Tarehe 1 Aprili 1984 Piet Beertema, aliyekuwa Amsterdam, alisambaza katika Usenet, mtandao wa mijadala uliosafiri juu ya UUCP, tangazo lenye jina la Konstantin Chernenko, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, la kwamba nchi yake imejiunga. Na katika silsila yake alitia mashine isiyokuwako iitwayo kremvax. Ulikuwa mzaha, lakini wengi waliusadiki, kwa sababu silsila ilikuwa na sura ya silsila. Maulamaa wa hadithi wangeliuliza swali moja tu: ni nani aliyewahi kukutana na huyu kremvax? Ndiyo maana wao hawakutosheka na orodha ya majina, wakaunda elimu nzima ya kuwachunguza watu wenyewe, nani alikuwa wapi, alikutana na nani, na majirani zake walimsema vipi.

Kisa hicho kina mwisho ambao mzushi wake hakuutazamia. Mwaka 1990 mafundi wa Demos, mjini Moscow, waliiunganisha nchi yao kwa simu na Finland, kwa kutumia UUCP, na mashine yao mojawapo wakaipa kwa makusudi jina la kremvax. Mwezi Agosti 1991, majenerali na wakuu wa chama walipojaribu kumpindua Gorbachev na vyombo vya habari vya serikali vikanyamazishwa, mtandao huo, uitwao Relcom, uliendelea kupitisha habari za yaliyokuwa yakitendeka katika mitaa ya Moscow. Walio nje waliozisoma waliziamini, wala si kwa sababu ya jina lililo juu yake, jina ambalo miaka 7 nyuma lilikuwa ni la uongo mtupu, bali kwa sababu mafundi wa Finland waliwajua mafundi wa Moscow, na mafundi wa Amsterdam waliwajua wa Finland.

Hapo ndipo ninaposimama katika suala hili. Sioni kwamba mtu aweza kumwamini aliye mbali kwa uaminifu wa mbali. Mtu humwamini jirani, na jirani humwamini jirani wake, na masharti ya kufunga milango, kupiga simu upya na kungoja herufi mbili za kukiri hayaupunguzi uaminifu huo bali huupa mahali pa kukaa. Mtu atanijibu kwamba siku hizi barua hufumbwa kwa hesabu ngumu, hata aliye katikati hawezi kuisoma akitaka, na kwa hiyo wema wake hauhitajiki tena. Jibu hilo ni nusu ya haki. Kufumba humzuia asisome, hakumlazimishi apeleke. Aliyefunga mkoba kwa kufuli bado ameutia mkononi mwa mtu, na mtu huyo bado aweza kuutupa baharini. Lililobadilika ni kwamba wabebaji wa leo hawatajwi. Barua yangu hupita katika mashine za makampuni ambayo sikuyachagua, katika nchi ambazo sizijui, kwa njia inayogeuzwa kila wakati, na idhini yangu yasemekana kuwa imo ndani ya mkataba mrefu ambao hakuna ausomaye.

Sidhani kwamba idhini ya namna hiyo ingempita Nawawi bila ya kuulizwa. Ningependa walimu wetu wanaosomesha mlango wa wadia, huko Lamu na Mombasa na Unguja, wautie mfano wa barua ya kompyuta kando ya mifano yao ya fedha na ng'ombe na vyombo vya nyumba, na wawaalike darasani mafundi wanaosimamia mashine za barua katika miji yao, ili kila mmoja wao aulizwe mbele ya wanafunzi ni nani aliyemwidhinisha kuitoa amana aliyonayo, na humtolea nani.